Nilivyoliliwa Nikiwa Hai

Mwaka wa Uhuru nilitoka Migori peke yangu kwa baiskeli, nikirudi kwetu Kosele. Mto Kuja ukanisomba na baiskeli yangu, ukatutupa ukingoni mbali huko chini. Mjinga mmoja aliyeniona nikizama alipanda basi, akapeleka habari nyumbani.

Nilipofika, nilikuta nimeshaliliwa. Baba akanizuia langoni kwa fimbo.

"Aliyeliliwa hapiti hapa," alisema, bila kuniangalia usoni.

Akaamuru ua utobolewe, kama tunavyofanya kwa maiti ya mtu aliyefia mbali. Nikaingia kwa magoti, miiba ikinichana mgongo, mama akikatazwa kunigusa. Baiskeli haikuwa imeliliwa na mtu. Kaka yangu aliipitisha langoni, akiipangusa matope.