Transista Kwenye Kibuyu cha Mbegu

Nilitoka Nairobi kwa sababu moja: kuona kama kazi yangu ya miaka mitatu bado ina uhai. Kwenye maabara ya chuo tunachapisha transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, si kwa silikoni bali kwa wino wa kaboni juu ya plastiki inayokunjika. Zetu zina kasi nzuri sana, ila unyevu ndio adui yao. Miezi miwili iliyopita nilibandika vipande vitatu kwenye ghala la pojo huko Ikutha. Profesa alishasema: vikifa vyote, tunafunga mradi. Na digrii yangu nayo, kwaheri.

Saa nne asubuhi nilifika Kibwezi, nikanywa chai, nikaiacha barabara ya Mombasa. Kote njiani majani yalikuwa mabichi. Abiria jirani yangu akamshukuru Mungu kwa mvua. Mimi, Mungu anisamehe, nilinuna.

Ikutha, saa sita. Mwenyeji wangu, Mwaitu Syombua, mkulima, alikuwa ameshapakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

"Mwaitu, acha kwanza nione ghala."

"Ghala haina miguu. Kula!"

Nilikula bila kusikia ladha. Ghalani, paa lilikuwa limevuja. Nikapima kipande cha kwanza: kimekufa. Cha pili: kimekufa. Cha tatu hakikuwepo. Nikakalia gunia, machozi yakinilenga.

"Ilianguka," Mwaitu akasema, akitazama chini. "Na ulinikataza kugusa. Nikaogopa nimeharibu, nikaificha."

"Wapi?"

Akaleta kibuyu kilichozibwa kwa nta. Ndani mlikuwa na majivu makavu, mbegu za msimu ujao, na kipande changu katikati.

"Mbegu haiozi humo," akajitetea. "Si hata hiyo yako ni kitu ya kutunzwa?"

Nikakipangusa, nikaunganisha nyaya. Mstari wa kipimo ukapanda kwenye kioo cha simu, umenyooka kama siku ya kwanza. Kizima! Nikamkumbatia Mwaitu, majivu na yote.

"Aiya! Kumbe hujakasirika!"

Alasiri nilipanda basi, kipande changu ndani ya kibuyu kidogo cha kuazima mapajani. Moyo ulikuwa mwepesi hata nikaifurahia mvua iliyoanza kunyesha. Tumehangaika sana kutafuta kifuniko cha kuzuia unyevu, na hatukuwahi kumuuliza mtu anayetunza mbegu kila mwaka.

Kibwezi nikampigia profesa.

"Kimoja kimepona. Mwenye ghala alikificha kwenye majivu ya jikoni."

"Muulize kama atatutunzia vingine."

Nilikuwa nimeshamuuliza. Alikubali, kwa sharti moja: safari hii nisimkataze kugusa.