Taya la Kinanda

Walimwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake, na sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Kila asubuhi aliingia chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro, akasoma vipande vya maneno: aka, ama, amba, asha. Fundi wa sauti alikuwa akitengeneza mashine ya kuwasomea wasioona. Alimweleza kwamba kila sauti huguswa na sauti iliyo jirani yake. A ya "mama" hupitia puani kidogo, ya "kaka" haipiti huko. Kwa hiyo alirekodi sauti mbilimbili, akakata kila moja katikati, pale inapotulia. Vipande vikiungwa, mashine ingesema neno lolote, hata ambalo Kinanda hajawahi kulitamka.

Hilo ndilo lililomkaa mumewe rohoni. Alikuwa mchomelea vyuma, mkono mzito. Ati mkewe aseme chochote kwa mwanamume yeyote? Alianza kwa makofi, akaja kwenye mkanda, kisha akamkaba shingo hadi macho yakamtoka. Kinanda alifika kazini na skafu isiyoficha alama zote. Fundi akasikia sauti inakwaruza, akamwambia akapumzike, basi.

Jumapili mchana alikuwa anapiga pasi. Mumewe akamtaka aape kwamba kazi ameiacha.

"Siachi," akasema Kinanda.

Mume akainyakua ile pasi ya moto, akampiga nayo tayani. Mfupa ukaalika. Alipoinua mkono tena, Kinanda akauvuta waya kwa nguvu zote, pasi ikamponyoka mume na kumwangukia mguuni. Kinanda akatambaa hadi kwa dada yake, nyumba ya pili, damu na meno vikimdondoka kifuani. Dada alichukua mchi, akaenda, na majirani walipofika kumshika, mkono wa shemeji yake ulikuwa umeshavunjika.

Mahakamani Kinanda alikuwa amefungwa taya kwa nyaya. Mume akadai mkewe aliteleza. Fundi akaleta mashine, Kinanda akachapa maneno kwenye kibodi, na sauti yake ya zamani ikatoka, ikikwamakwama pale palipokosa vipande:

"Sikuteleza. Alinipiga kwa pasi."

Mume akaruka kizimba aipasue spika. Askari wakambwaga, uso ukagonga sakafu. Alifungwa. Kinanda hakufurahi, masikioni alibaki na sauti ya yule mwanamke aliyekuwa yeye, mwenye meno yote.

Nyaya zilipotolewa, s zake zilipiga mluzi penye mapengo. Vipande vipya havikuungana na vya zamani.

"Niliiona shingo yako, nikanyamaza," fundi akamwambia.

"Najua. Futa vyote, tuanze upya."

Siku ya kwanza fundi aliinua mkono kumwashiria aanze. Kabla hajajua anafanya nini, Kinanda alishamtwanga ngumi ya pua. Damu ikachuruzika juu ya mitambo. Fundi akajifuta, akaenda kutafuta taa ndogo ya kuashiria, na Kinanda akabaki ameketi, ngumi bado imekunjwa, akisubiri taa iwake.