Jumapili Wamarekani wawili walipogombania vita ya watu wengine sebuleni kwa Mama Upendo

"Wanagombania nini?"

Wakuu, nawasalimu wote, mlio nyumbani na mlio ughaibuni. Hilo swali niliulizwa jikoni kwa mtu hapa Guangzhou, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Nimesoma uhusiano wa kimataifa, digrii ya kwanza nyumbani na ya pili hukuhuku China. Aliyeniuliza alilijua hilo, ndiyo maana aliniuliza mimi na si mwingine.

Ninayoandika niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Majina tu nimebadilisha, maana wengine wanapita humu. Anayetaka kubisha abishe, mimi mwenyewe ni mbishi tangu shule ya msingi.

Kwanza mnijue kidogo. Nilipomaliza masomo, kazi ya kidiplomasia niliyokuwa naiota sikuiona, nikawa agent wa kununua mizigo. Kipindi kile mipaka ya China ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, wafanyabiashara wetu hawawezi kuja. Kwa hiyo wao wanakaa Kariakoo au Mwanza, mimi nazunguka kwenye majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu na simu mkononi, nawaonyesha bidhaa kwa video call.

"Geuza nyuma. Vuta hiyo kola tuone. Muulize laoban kama ana rangi ya maziwa."

Laoban ndiye bosi wa duka. Unamuuliza, anatikisa kichwa bila kuinua macho kwenye bakuli lake la tambi, mnahamia duka la pili. Siku nzima hivyo.

Kazi hii ina mwiko mmoja: usikate simu. Mtandao wa nyumbani ukikwama, mteja akapotea kwenye screen, unaiacha laini wazi palepale dukani na unaendelea na mambo yako. Akirudi anakukuta. Ukikata, anampigia mwenzako. Nimezoea kiasi kwamba hata nikiongea na mama yangu mzazi sikati mpaka akate yeye.

Tuendelee.

Ukumbi ambao wageni tulikuwa tunasalia ulikuwa umefungwa, korona hiyohiyo. Mama Upendo, mama wa Mwanza anayenunua nguo za watoto na ambaye yeye alikwama huku mipaka ilipofungwa, akafungua sebule yake. Viti havikutosha, tukawa tunakalia marobota ya nguo yaliyokuwa yanasubiri kontena. Mimi si mtu wa maombi sana. Nilikuwa nafuata pilau, na Mama Upendo alijua.

"Msomi amekuja kuhakiki kama Mungu bado yupo," alikuwa akiniambia mlangoni. "Ingia, nyama bado haijaiva."

Mbali na Watanzania, alikuwepo Otieno, Mkenya wa Nairobi anayenunua vifaa vya simu. Na walikuwepo walimu watatu wa shule moja ya watoto: Craig na Linda, Wamarekani wanaofundisha Kiingereza, na Oksana, binti wa Ukraine anayefundisha dansi.

Craig ni mtu wa chama chenye nembo ya tembo. Linda ni wa chama chenye nembo ya punda. Rais wa wakati ule alikuwa wa kina Linda. Miezi yote walikuwa wanataniana kuhusu siasa kama mashabiki wa timu mbili za Kariakoo, halafu Craig anamwachia Linda robota laini zaidi. Sisi tulikuwa tunawapenda kwa hilo. Tulisema, ona wenzetu walivyokomaa.

Jumapili hiyo Oksana aliingia akiwa na uso ambao sikuwahi kuuona kwake. Mama yake alikuwa Kharkiv, basement ya jengo lao, pamoja na majirani. Mabomu yanapiga mji.

VPN ya Oksana ilikuwa imegoma, na bila VPN huku hupati mtandao wa nje. Yangu ilikuwa nzuri kwa sababu ndiyo inayonilisha. Nikampa simu yangu, nikaisimamisha kwenye stendi yangu ya kazi juu ya robota, katikati ya sebule.

Mama akatokea. Kofia ya sufu, koti kubwa, mwanga wa tochi, na paka anachungulia kutoka kwenye begi. Akatabasamu, akatupungia mkono sote. Wakaongea na mwanawe kwa lugha yao kwa muda.

Kisha Oksana akatugeukia, kwa Kiingereza.

"Kuna treni zinazotoa watu kwenda magharibi. Jirani yupo tayari kumpeleka kituoni. Mama hataki. Anasema tusubiri kidogo. Anasema Wamarekani hawawezi kuacha jambo hili liendelee. Wakishaingilia kati litakwisha, kwa nini auache mji wake."

Akawageukia Craig na Linda. Alikuwa ameshaongea nao kazini. Craig ana rafiki aliyesoma naye, anaishi Poland, si mbali na mpaka, ana vyumba. Linda alipokuwa msichana alijitolea maeneo yale, anajua miji ya mpakani na njia ipi ina unafuu kwa mtu mzima. Mmoja ana nyumba, mwingine ana njia.

"Kaeni mbele ya simu, nyote wawili," Oksana alisema. "Mwambieni ukweli. Mwambieni hakuna jeshi linalokuja, atoke, na akifika atapokelewa. Mimi ananiona mtoto. Nyinyi atawaamini."

Hilo tu ndilo aliloomba.

Kabla hawajasogea, screen ikawa nyeusi. Oksana akaita, akaita tena. Hakuna sauti. Nikamwambia asijali, tuiache, mtandao ukirudi atatukuta. Nikaigeuza kidogo ili tuione sote. Sikukata.

Tukiwa tunasubiri, Craig akasema, kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Kipindi cha rais wetu hili lisingetokea."

Linda akamtazama. "Unasemaje?"

"Nasema wanaona kiongozi dhaifu. Ulimwengu mzima uliona mlivyokimbia Afghanistan."

"Makubaliano ya kuondoka Afghanistan aliyatia saini nani, Craig? Rais wako. Huyo huyo aliyemwita mvamizi mtu mwerevu wiki hii hii."

"Usiyatoe maneno yake nje ya muktadha."

"Muktadha? Mtu anapiga mabomu nyumba za watu usiku na mchana, wewe unatafuta muktadha?"

"Nyinyi mlifunga bomba la mafuta nyumbani, mkamwachia Mrusi auze yake. Nendeni kituo cha mafuta Texas mkaone bei. Novemba watu watawajibu kwa kura."

"Ahaa. Novemba. Sasa umesema."

Na hapo wakasimama.

Wakuu, nilikuwa nimekaa pembeni na nilikuwa nasubiri neno moja tu. Nilisubiri mmoja wao aseme Kharkiv. Nilisikia Texas. Nilisikia Kabul, bei ya mafuta, televisheni fulani na televisheni nyingine, nani alisema nini miaka minne iliyopita. Kharkiv haikutajwa. Mwanamke mwenye paka hakutajwa. Oksana alikuwa amesimama katikati yao, wanarushiana maneno juu ya kichwa chake kama wavu wa voliboli.

Otieno akaninong'oneza, "Wasee hawa wako kama sisi tu. Tofauti ni accent."

Mama Upendo alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Akauliza kwa Kiswahili, bila kumlenga mtu, "Na hawa ndio huwa wanakuja kutusimamia uchaguzi?"

Watu walicheka kidogo, halafu wakaona aibu ya kucheka.

Nieleze kwa nini nilishtuka kiasi kile, maana wengine mtasema siasa ni siasa. Chuo tulifundishwa kwamba Wamarekani hupigana ndani ya nyumba yao, lakini jambo la nje likija huwa mtu mmoja. Niliandika hivyo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Mimi ninayejisifu kwamba sikubali kitu bila kuuliza, hilo nililikubali lote. Pengine kwa sababu nilitaka kuwe na nchi mahali fulani inayoweza kufanya hivyo.

Oksana akaingia jikoni. Nikamfuata. Alikuwa ameshika chujio la mchele la Mama Upendo kama kitu alichotumwa, hajui akipeleke wapi.

Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe umesomea haya. Nifafanulie. Wanagombania nini?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nayo maneno ya darasani, mengi, yamepangwa. Uchaguzi wa katikati ya muhula, mgawanyiko wa vyama, vyombo vya habari. Nikayaona yalivyo mepesi.

"Msomi, mwenzio amekuuliza," Mama Upendo alisema.

"Nimesikia, mama."

"Basi mjibu."

"Sijui."

Akaniangalia, akapunguza moto, akaenda sebuleni. Kiingereza chake ni cha kununulia mzigo, lakini kilitosha. "Teacher Craig. Teacher Linda. This one is my house. You sit, or you go. The child is crying."

Wakaketi. Kila mmoja robota lake, wakitazama sakafu.

Na hapo simu ikaongea.

Ilikuwa sauti ya yule mama. Screen ikawaka, tukamwona amesimama, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, begi la paka begani. Alisema maneno machache. Oksana akakaa chini sakafuni, palepale kwenye mlango wa jikoni.

"Anatoka," alisema. "Anasema anaenda kituoni sasa hivi. Anataka anwani."

Hatukuwa tumemwambia lolote. Mama akakata. Craig akatoa simu yake na kusoma anwani ya rafiki yake, Linda akataja mji wa kuvukia na upande wa kuepuka. Hawakutazamana. Oksana akaandika yote kwenye simu yangu, akatuma. Craig akasema ni maombi yamejibiwa. Sikubisha, kwa mara ya kwanza. Mama Upendo akapakua pilau na kila mtu akala, hata Oksana vijiko viwili vitatu.

Kama ingeishia hapo nisingeanzisha uzi.

Jioni hiyo, mama akiwa bado njiani, hatujui kama treni ameipata, nikaona ukurasa wa Craig. Ameandika kuhusu mama wa rafiki yake anayekimbia mabomu, na kwamba huo ndio udhaifu wa rais unavyoonekana ukiwa na sura ya mtu. Ukurasa wa Linda nao una mama yuleyule, na paka yuleyule, akiwa mfano wa namna dunia ilivyoungana nyuma ya rais wao, tofauti na wale waliompigia makofi mvamizi.

Mwanamke mmoja. Yuko kwenye treni, au hayuko. Tayari amepigiwa kura mara mbili.

Mama alifika Poland, akapokelewa na yule rafiki wa Craig, kwa njia ya Linda. Haki yao nawapa wote wawili.

Craig na Linda walirudi kwao mwaka uliofuata, naendelea kuwaona mtandaoni. Craig aliyesema rais ni mwoga, hapeleki silaha haraka, baadaye akawa anauliza silaha zote hizo zinakwenda huko kwa faida ya nani, maana chama chake nacho kilianza kuuliza hivyo. Linda aliwahi kutusimulia alivyoandamana ujanani kupinga vita, akalala barabarani. Sasa kila anayeuliza swali lolote kuhusu vita hii anamwita kibaraka. Inawezekana mmoja wao yuko sahihi. Inawezekana wote walibadilika kwa sababu walifikiri. Ila mimi naona walibadilika tarehe ambazo vyama vyao vilibadilika.

Tangu siku ile nina zoezi langu. Vita yoyote ikizuka, kabla sijasikiliza mwanasiasa wa Marekani, naangalia kwanza Ikulu yao yuko nani. Halafu nakisia kila chama kitasema nini. Nakosea mara chache mno, na ningependa kukosea zaidi.

Msicheke sana, lakini. Na sisi kwetu mtu akipigwa au akipotea, angalieni comment za kwanza. Tunauliza kavaa rangi gani kabla ya kuuliza kama yuko hai.

Nilichojifunza ni kidogo, na najiuliza mwenyewe kabla ya kuwauliza wengine: hili ninalolisema, ningelisema vilevile kama aliye madarakani angekuwa wa upande mwingine? Kama jibu ni hapana, basi sizungumzii vita, najizungumzia mimi.

Uwanja ni wenu. Mliosoma siasa mniambie jibu nililopaswa kumpa Oksana jikoni, maana bado nalitafuta. Na mlioishi Marekani mnisahihishe nilipokosea, naomba tu mtaje kwanza mnashabikia chama gani.

Jambo la mwisho, ambalo nimelijua majuzi tu.

Oksana alinipigia akiwa amekwenda kumtembelea mama yake, akampa simu anisalimie. Mama akanisalimia kwa Kiingereza safi, cha taratibu, kila neno mahali pake. Nikashangaa, akacheka. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari mpaka alipostaafu. Miezi yote ile ya pilau, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza Oksana mama yake alikuwa anafanya kazi gani.

Nikamwambia nilikuwa namshukuru Mungu kwamba siku ile laini ilirudi.

Akasema laini haikukatika. Alizima kamera na maiki ili chaji isiishe, hata Oksana alipoita hakuwasha, akakaa gizani na simu sikioni akisubiri tumwambie Wamarekani wamefikia wapi.

"Nikawasikiliza mpaka mwisho," alisema. "Halafu nikavaa viatu."