Ufito wa Bwana Afya

Bwana Afya hakanyagi matope. Kila Jumatatu huja Ifakara kukagua mashimo ya maji machafu, soksi zimevutwa hadi magotini, leso puani, mkononi ufito uliochorwa futi kwa rangi nyekundu. Huamkiwa shikamoo na wazee wa rika la baba yake, naye huitikia kwa kidevu. Yosefina, mkulima wa mpunga, amemweleza mara tatu kwamba masika huku bondeni ukichimba futi nne umeshaukuta mto, na mara tatu amejibiwa, "Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amesema futi nane, mama."

Jana akauzamisha ufito katika shimo la Yosefina, lililokuwa limefurika maji ya vyombo na ya chooni, akasoma, akasikitika, akaufuta kwa kipande cha jani la mgomba. Kisha akaenda kisimani, akauzamisha humo namo. Wanawake wenye madebe wakayavuta nyuma.

"Bwana Afya," Yosefina akasema, "ufito huo umetoka chooni kwangu."

Hakugeuka. Aliunusa, akakunja uso, akafungua daftari lake na kuandika: kisima kinanuka, kifungwe.