Kaburi Nje ya Mchoro

Tusekile hakumwamini mtu yeyote aliyekuja kwake na karatasi iliyokunjwa. Msanifu majengo kutoka Mbeya, kijana aitwaye Hezroni, alipoingia uani na mchoro wake kwapani, mama huyu alitazama viatu kwanza. Vilikuwa safi mno kwa mtu aliyesema amezaliwa kijiji cha jirani cha Ngonga.

"Mugonile, mama," Hezroni alisalimia kwa adabu, kwa lugha ya nyumbani.

"Ndaga," alijibiwa, basi.

Hezroni akatandaza mchoro juu ya turubai la kuanikia kokoa. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na uzuri huo ndio uliomtia Tusekile shaka. Familia nne za pembezoni mwa mji wa Kyela zingeunganisha viwanja vyao: fremu za biashara chini, vyumba vya kuishi juu, na katikati bustani moja ya wote, yenye migomba, mboga na mifereji ya kumeza maji ya masika. Tusekile, aliyeuza mchele barabarani miaka kumi na tisa jua likimchoma, angepata fremu ya kona.

"Na wewe unapata nini hapa, mwanangu?"

"Ujira wangu, mama. Mradi unanilipa."

Tusekile akaguna. Kisha Hezroni akauliza kama kiwanjani kuna kaburi.

Nyuma ya jiko, katikati ya migomba, alikuwa amelala Atupele, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki akiwa na miaka mitatu. Huku watu huzikwa nyumbani, karibu na wenzao. Lakini Tusekile alikuwa amesikia kwamba mahali fulani, kwa ajili ya ujenzi, mifupa ilifukuliwa na kuhamishwa kwenye viroba.

"Hakuna," akasema.

Siku hiyo hiyo aling'oa msalaba, akausukuma uvunguni, akasawazisha udongo kwa jembe. Wiki nzima alitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Ujanja wake ulimfurahisha sana, maskini.

Masika yakaja na hasira zake. Maji yalifika kizingitini, yakang'oa migomba yote ya nyuma ya jiko, yakaacha tope tambarare.

Yalipokauka, Hezroni alirudi na vigingi. Akapigilia cha kwanza nyuma ya jiko.

"Hapa linakaa shimo la maji taka," alieleza. "Makaburi ya jirani yako Anyitike nimeyaingiza yote kwenye bustani, hayaguswi. Ndiyo maana niliuliza, mama."

Tusekile akakaa chini pale pale kwenye tope. Aliona aibu, na hasira aliyokuwa amemwekea kijana huyu ikamgeukia mwenyewe. Akasema yote, bila kumtazama usoni.

"Nionyeshe lilipo, tulikwepe."

Tusekile akahesabu hatua kutoka jikoni, akasimama. Akarudi, akahesabu upya, akaishia kwingine. Mara ya tatu kwingine tena. Migomba aliyoitumia kama alama haikuwepo, na hakujua tena mwanawe amelala wapi.

Hezroni akasema taratibu kwamba nafasi nyingine inayotosha shimo ni moja tu, kule mbele, palipopangwa fremu yake ya kona.

"Chimbeni huko," Tusekile alisema. "Mchele nitauzia juani. Huku nyuma kote msitie jembe."