Ng'ombe wa Baba Yuko kwenye Jalada la Mpango, Zizini Hayuko

Admin, jina langu lifiche tafadhali. Na nyinyi wenzangu wa hii page, salaam aleikum, habari zenu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, naishi Chechelesi hapa Isiolo. Nafanya kazi kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo na mifugo. Mume wangu hana kazi tangu mgongo umshike, kwa hivyo mshahara wangu ndio unga wa nyumba. Naandika nikilia, mtanisamehe nikirukaruka.

Baba yangu ni mfugaji Mborana, anakaa pande za Burat. Ule ukame ulimmalizia ng'ombe, akabaki na wachache tu. Mmoja ni Diimtu, jike mwekundu aliyezaa hata nyasi ilipopotea kabisa. Watafiti wetu wakamtaka, wazalishe mbegu ya kuvumilia kiangazi. Baba akawapa kwa dabare. Kwa wasiojua, dabare ni hivi: nakuazima ng'ombe, unamtunza, unakunywa maziwa, lakini yeye na ndama wake ni wangu, na humuuzi wala humchinji bila kuniita. Haiandikwi. Ukimwambia mzee wa kwetu dabare iandikwe, umemwambia humwamini. Bosi wa wakati huo alimshika baba mkono akasema ameelewa. Baba akanigeukia mimi: "Sijapea ofisi. Nimepea wewe."

Bosi huyo akahamishwa. Akaja mwingine na habari ya mpango mkakati wa miaka mitano. Tukafungiwa kwenye ukumbi wa hoteli na mshauri kutoka Nairobi, tukapewa vibandiko vya rangi, kila mtu abandike pale anaona ni muhimu. Vitunguu na nyanya za kunyunyizia maji zikajaa vibandiko. Kwa mifugo kulikuwa na vyangu na vya mchungaji wa kituo, basi. Ikaamuliwa utafiti wa mifugo uhamishiwe kituo kingine, na wanyama "wa ziada" wauzwe. Nilisimama nikaeleza mambo ya dabare. Mshauri alinisikiza kwa heshima, akaandika kwa karatasi ya ukutani: changamoto, matarajio ya jamii. Halafu tukaitwa kula.

Wananchi nao lazima waulizwe maoni, kwa hivyo tukaenda baraza Burat, na mimi ndiye nikatafsiri. Baba aliuliza kitu kimoja tu: kwa huu mpango, Diimtu wangu yuko wapi? Bosi akaniambia, "Mwambie atashughulikiwa." Nikatafsiri hivyo, na mimi mwenyewe nikaamini. Baba akaridhika. Aliinua mikono akaombea mpango, wazee wakaitikia amina, mwenye kamera akapiga picha.

Baadaye mtoto wangu akalazwa, nikachukua ruhusa. Kurudi, zizi tupu. Mchungaji aliniambia Diimtu na ndama wake walipakiwa kwa lori la mfanyabiashara wa nyama. Nilimwendea bosi. Akasema mali ya kituo imeuzwa kihalali, nisimletee mambo ya kijijini.

Nilienda kumwambia baba mwenyewe. Heri angenitukana. Alisema tu, "Ningeambiwa na mgeni, ningeuliza mara ya pili. Niliambiwa na wewe." Tangu hapo nikimpelekea chai hapokei mkononi mwangu. Anangoja mama aichukue ndipo anywe. Jamani, mimi ndiye kifungua mimba wake, mimi ndiye alinipeleka shule watu wakimcheka kwamba anasomesha msichana. Moyo wangu umevunjika, sijui nisemeje.

Sasa mpango umechapishwa, na picha ya jalada ni baba ameinua mikono, na nyuma yake wamebandika picha ya Diimtu waliyompiga zizini kituoni. Uzinduzi ni Alhamisi hii. Bosi ameniagiza nimlete yule mzee wa picha aketi mbele na wageni, aombee mpango tena. Akaongeza kwamba mkataba wangu unaisha karibuni, nilifikirie hilo.

Jana nilienda nikiomba Mungu baba akatae. Aliomba kitabu akione. Akapitisha kidole gumba juu ya Diimtu, polepole, akanirudishia. Mara ya kwanza tangu siku ile, aliniangalia usoni.

"Nitakuja," akasema. "Nitauliza swali langu lile lile mbele ya watu wote. Na wewe utatafsiri."

Bosi hajui Kiborana hata salamu. Nikilipindua swali, wageni watapiga makofi na watoto wangu watakula. Lakini baba Kiswahili anakisikia kidogo, na najua siku hiyo macho yake yatakuwa kwa mdomo wangu. Nikitafsiri sawasawa, nimejifukuza kazi mwenyewe, na ng'ombe hatarudi.

Wenzangu, msinipe maneno ya kunituliza. Mngekuwa nyinyi mmeshika hiyo maikrofoni, baba yenu amekaa pale mbele anangoja, mngesema nini?