Jua Lilikuwa Bado Halijazama

Harufu ya mawese yanayochemshwa kutengenezea sabuni hunirudisha kwa baba. Juzi ilinikuta mpwa wangu ananionyesha kwenye simu dunia ilivyopigwa picha kutoka angani, mchana ukigeuka usiku. Kivuli kilipita milima yetu ya mashariki, kikashuka kwetu Rumonge, kikavuka ziwa, ndipo kikaifunika Kongo. Nikamrudishia simu yake, maana macho yalinijaa.

Nisikilizeni basi. Nilikuwa na miaka tisa, ndiyo Ramadhani yangu ya kwanza kufunga kutwa. Baba alikuwa amevuka kwenda Kongo kuuza sabuni, vita vikafunga njia, habari zikakatika. Shangazi alizoea kutuambia kwamba dua ya aliyefunga, saa ya kufuturu, hairudi mikono mitupu. Basi nikajipa kazi: nitafunga mwezi mzima bila kukosea, na baba atarudi Idi.

Siku ya kumi na mbili kiu ilinishinda. Kwetu jua hujificha mapema nyuma ya milima ya Kongo, na watoto wote tulionywa kwamba hiyo si magharibi, tungoje adhana. Nilijua vizuri sana. Lakini nikajidanganya kwamba limeshazama, nikanywa kata nzima ya maji nyuma ya nyumba, nikafuta mdomo. Muadhini alipoanza, niliomba dua kwa sauti kubwa kuliko wote, mnafiki mkubwa mimi.

Idi ikaja, baba hakuja. Nikakua nikiamini kwamba mimi ndiye niliyemzuia.

Picha ile ndiyo iliyonifungua kinywa. Kwa macho yangu niliona upande wa baba bado kweupe wakati kwetu kunaanza kuingia giza: jua nililojidanganya kwamba limezama lilikuwa bado linawaka kule alikokuwa. Jioni hiyo, mwanamke mzima mimi, nikamweleza mama yote.

Akaniambia: "Mwanangu, nilikuona unakunywa. Baba yako alikuwa ameshazikwa kule, habari ilinifikia kwa siri mbele ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Nikasema, huyu mutoto iko na kiu, mumuache anywe."

Ndipo nikakumbuka kwamba Ramadhani ile mama hakutoka hata kwenda sokoni, wala hakugusa wanja, nami nikadhani ni saumu imemchosha. Kumbe ilikuwa eda ya kufiwa na mume. Aliikaa mbele ya macho yangu, na kila jioni nilipomwomba Mungu amrudishe baba, yeye aliitikia amina.